Foleni ya Bidoni na Sanduku la Nne

Mi sina ugomvi na kitu kuisha. Sukari inaisha, chumvi inaisha, hata mahubiri ya padri wetu, ukivumilia, yanaisha. Ninachokasirikia ni kitu kuisha kabla hakijaanza. Unaambiwa kitauzwa Jumapili, unafika Jumapili, unaambiwa kilikwisha Jumapili. Jumapili gani? Hii hii. Na anayekuambia anatabasamu, kama vile kukosa kwako ni sehemu ya sherehe.

Kitu chenyewe ni kofre ya korale, sanduku la kwaya yetu. Kila mwaka, Pasaka ikikaribia, korale ya parokia yetu hapa Kolwezi inauza visanduku vya mbao ya muvula, kila kimoja na kipande cha shaba juu ya kifuniko, kilichogongwa kwa nyundo mpaka kikatoa umbo la ngoma. Ndani mna kle, kile kijiti cha kuchomeka kwenye redio, yenye nyimbo za mwaka mzima, kijitabu cha maneno, na picha ya wanakorale katika sare zao, nusu yao wamefumba macho. Vinatengenezwa vichache. Shaba haikosekani huku kwetu, tunaikanyaga tukienda sokoni. Kinachokosekana ni seremala: yuko mmoja tu, amezeeka, na rais wa korale hataki kusikia habari za mwingine.

Huyo rais wa korale alifanya kazi maisha yake yote kwenye bwawa la Nzilo, na nadhani ni huko alikojifunza kwamba kitu ukikifungia kidogo kinapata nguvu. Ukimwomba aongeze idadi, anakuangalia kwa huruma. Anasema kitu kikijaa sokoni, watu wanafungia karanga. Nilitaka sana kumwambia kwamba sanduku halifungii karanga, lakini yule mzee ana namna ya kushika mkono wako akiongea, hata hasira inakosa pa kutokea.

Sasa utaniuliza: nyimbo si ziko kwenye simu za watu siku hiyo hiyo? Ziko. Kabla misa ya pili haijaisha, mtu ameshamtumia shemeji yake, shemeji amemtumia mtaa mzima. Hakuna anayekosa nyimbo. Watu wanakosa sanduku. Sanduku linakaa sebuleni, kwenye kabati la vioo, juu ya kitambaa cha kufuma, karibu na picha ya harusi na vile vikombe ambavyo hakuna anayevinywea. Mgeni akiingia, jicho lake linakwenda pale kwanza. Akikuta la mwaka wa kwanza lipo, la mwaka wa pili halipo, anaguna. Na lile guno, wee, linakaa ndani ya nyumba siku nyingi.

Kwetu lilikaa miaka. Mi ni fundi wa kushona, na mashine yangu iko barazani kwa wazazi wangu, kwa hiyo niliyasikia yote. Sanduku la kwanza tulilipata kirahisi, kwa sababu hakuna aliyelijua. Rais alikuwa akibembeleza wanunuzi kama muuza mbuzi mwenye kilema. La pili tulilikosa kwa ajili ya kravate, ile tai ya shingoni. Baba yangu, ambaye sote tunamwita tata, ni mfanyakazi mstaafu wa mgodi, na hatoki nyumbani kwenda kwa Mungu bila kravate. Ile asubuhi fundo lilikataa. Alilifunga, akalifungua, akalifunga, mama akimwambia Mungu anaangalia moyo, yeye akijibu kwamba rais wa korale anaangalia shingo. Tulipofika, meza ilikuwa tupu na rais anakunja kitambaa chake.

La tatu nalo lilinitoa machozi ya hasira, na mi si mtu wa kulia ovyo. Nilitangulia kila mtu. Nilikuwa wa kwanza kabisa mlangoni mwa ukumbi, nimejifunga kitenge mara mbili kwa ajili ya baridi, moyo unaimba. Rais akafungua mlango akasema: wazee kwanza. Haki tupu, mi mwenyewe nikasogea kando. Lakini ile parokia ilizeeka mbele ya macho yangu. Niliona wanaume ninaowashonea suruali, ninajua viuno vyao na nguvu zao, wanachechemea. Mmoja ambaye kila Jumamosi anacheza mpira kwenye uwanja wa shule alikuja ameegemea mpini wa jembe. Nikamsalimu, nikamuuliza jembe lenyewe liko wapi. Akasema atalima kesho. Walipomalizika hao wazee, sanduku lilikuwa limemalizika nao.

Kabatini kwetu kukabaki sanduku la kwanza peke yake, na pembeni yake nafasi ambayo mama aliijaza kwa ua la plastiki. Tata alikuwa analitoa ua. Mama alikuwa analirudisha.

Kisha likaja tangazo la sanduku la nne, na hapo mambo yakawa si mchezo tena.

Rais alisimama baada ya misa akasema kwamba safari hii hakutakuwa na nyimbo mpya. Ndani ya sanduku kuu la sakristia, chini ya mapazia yaliyoliwa na panya, zimepatikana kanda za zamani, zile alizorekodi padri mmoja mgeni enzi za korale ya kwanza, wakati wazazi wetu walikuwa vijana. Kijana mmoja wa Lubumbashi amezisafisha na kuziweka kwenye kle. Na hakuna atakayesikia hata sauti moja kabla ya siku ya kuuza. Mi nilikuwa nimekaa nyuma ya tata. Niliona shingo yake inanyooka.

Ni lazima ujue habari ya ule ubeti. Tangu niwe na masikio, nyumbani kwetu kuna kesi moja, na kesi yenyewe ni hii. Pasaka moja ya zamani, mbele ya padri mgeni na mashine yake ya kurekodi, mtu mmoja aliimba ubeti wa pili peke yake, korale yote imenyamaza. Tata anasema ni yeye. Mama, aliyekuwa upande wa sauti za wanawake siku hiyo hiyo, anasema si yeye, ni mwanaume mmoja mwenye sauti ya asali, aliyerudi kwao Sandoa kulima na hajaonekana tena. Wenzao wa korale ile, wengine wako makaburini, wengine Lubumbashi, na wengine wanasema hawakumbuki, huku wakiangalia pembeni.

Tata anaianza ile habari wageni wakishakula. Anafuta mdomo, anaegemea kiti.

"Ile ubeti ya pili, ni mi njo niliimba. Mi peke yangu."

Na mama, bila kuinua macho kutoka kwenye majani ya sombe anayotwanga, anasema, "Ni ule wa Sandoa."

Basi. Wageni wanacheka, tata anajilazimisha kucheka nao, halafu anaingia chumbani kutafuta kitu ambacho hakijapotea. Mwamba ngoma huvutia kwake, na tata ameivuta ile ngoma karibu maisha yake yote ya ndoa, lakini mi nilimwonea huruma. Kazi yake mgodini ilikuwa kusukuma mawe kwenye kelele ambayo hata jina lako husikii. Hakuwahi kupewa medali, hakuwahi kuandikwa popote. Alikuwa na ubeti mmoja tu, na mke wake mwenyewe amempa mtu mwingine.

Usiku ule ule wa tangazo alikula nusu ya ugali wake wa bukari akaisukuma sahani. Akaniambia polepole kwamba lile sanduku lazima liingie nyumba hii siku ya kwanza, kabla halijafunguliwa kwa jirani yeyote. Nikamwambia, tata, nyimbo zitafika kwenye simu yangu mchana huo huo. Akaniangalia kama nimemtukana. Sauti yake aisikie kwanza kwenye simu ya watu, watu wameshaisikia na kuipitisha? Afadhali awe kiziwi. Alitaka redio yake, kiti chake, mke wake mbele yake, na ule ubeti utoke mbele ya wote.

Mama alisema tuache mambo ya zamani yalale. Alisema hizo kanda zimeoza, zitatoa mikwaruzo tu, na foleni itaniua bure. Alisema hivyo mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nikajisemea moyoni, huyu mama anaogopa kushindwa kesi. Nikazidi kukaza nia.

Wazo la bidoni, lile dumu la kuchotea maji, lilikuwa la tata. Rais alikuwa ametangaza siku mpya na sheria mpya: hakuna kuweka akiba, hakuna wazee kwanza, hakuna mtoto wa nani, anayetangulia mlangoni Jumamosi asubuhi ndiye anayetangulia kupata. Tata akasema katika mji huu kuna sheria moja tu ambayo hata mwizi anaiheshimu, nayo ni sheria ya bomba. Ukiweka bidoni yako kwenye foleni ya maji, unaweza kwenda nyumbani, ukapika, ukalala, ukazaa. Ukirudi, bidoni iko pale pale na nafasi ni yako. Mtu akiisogeza, wamama watamsema mpaka wajukuu zake wahame mtaa. Basi kwa nini sheria ya bomba isifanye kazi mlangoni pa ukumbi?

Nilimwona tata ana akili kuliko serikali. Ijumaa mchana nikachukua bidoni yetu ya njano, yenye kipande cha kitenge chekundu kwenye mkono, nikaiweka mbele ya mlango wa ukumbi wa parokia, katikati kabisa. Nikarudi kwenye mashine yangu nikashona huku napiga mluzi.

Kosa letu lilikuwa kusahau kwamba wengine nao wana macho. Wapenda sanduku wenzangu walipopita wakaiona bidoni, walielewa papo hapo. Yule mcheza mpira wa mpini wa jembe alileta yake. Katekista akaleta yake. Kufikia jioni kulikuwa na mstari mzuri wa bidoni za njano, zimenyooka kama batoto ba shule, na yangu mbele. Mi nikafurahi, maana foleni bila watu wa nyuma si foleni.

Lakini ile wiki mabomba ya mtaa wetu yalikuwa yamekauka. Yakitoa kitu, yalitoa upepo. Sasa fikiria wewe ni mama wa nyumbani, una nguo za wiki nzima zinakungoja, unapita mbele ya parokia, unaona bidoni zimepangwa mbele ya mlango. Utafikiri nini? Utafikiri masanduku ya nyimbo? Utafikiri padri ameleta maji. Na huulizi, kwa sababu ukiuliza unawaamsha wengine. Unakwenda nyumbani mbio, unarudi na bidoni zako zote.

Jumamosi asubuhi nilipofika nilishika kiuno. Mama wee! Mstari ulikuwa umeuzunguka ukumbi, umepita grotto, lile pango la Bikira Maria, umetoka getini, umeteremka kando ya barabara. Bidoni za njano, za bluu, ndoo, hata beseni moja la kuogeshea mtoto. Na wamama wamekaa kwenye vigoda kivulini wanasengenya kwa raha. Nikauliza wanangoja nini. Wakaniangalia kwa mashaka wakasema, "Mayi." Nikawaambia hapa hakuna maji, hapa ni foleni ya sanduku la korale. Wakacheka sana. Mmoja akaniambia uongo huo nikawadanganye wageni, wao wanamjua mtu anayetaka kupunguza foleni.

Ningeweza kuvumilia hayo. Bidoni yangu ilikuwa mbele, mlango ulikuwa karibu kufunguliwa, na chelewa chelewa utakuta mwana si wako, lakini mi sikuwa nimechelewa. Ndipo likatokea lori.

Lilikuwa moja ya yale malori ya maji yanayomwagilia barabara ili vumbi la magari ya madini lisituue. Linapita kila siku, hakuna anayeligeukia. Dereva alipoona ule umati na zile bidoni alipunguza mwendo. Wamama wakasimama wote pamoja, wakapiga makofi, wakapiga vigelegele. Naye, maskini, alipoona vitu vimepangwa vizuri namna ile, nadhani aliamini wakubwa wake wamesahau kumwambia. Akaingiza lori getini, akarudi nyuma taratibu, akasimama karibu na mlango wa ukumbi, akateremka na mpira wa maji mkononi. Akatafuta kichwa cha foleni. Kichwa cha foleni kilikuwa mimi.

Nikafunika mdomo wa bidoni kwa viganja vyangu viwili. Nikamwambia dereva, aksanti tata, mi sitaki maji. Halafu nyuma yangu nikasikia sauti inauliza ni mtu gani anakataa maji, na nyingine inajibu kwamba mtu wa hivyo si mtu wa kulala naye mtaa mmoja. Dereva hakuwa na siku nzima. Akafungua maji. Nililowa mikono, nikalowa kitenge, nikalowa mpaka viatu, na bidoni ikajaa.

Mama mmoja mwenye kitambaa cha zambarau kichwani, niliyekuja kujua kwamba anauza makala, mkaa wa kupikia, karibu na soko, alinigusa begani kwa upole kabisa.

"Mama, bidoni yako imejaa. Mwenye kuchota anatoka."

Nikamweleza. Nikamweleza korale, nikamweleza shaba, nikamweleza muvula, nikamweleza ubeti wa pili na mtu wa Sandoa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudia yale yale: mwenye kuchota anatoka. Nafasi si ya mtu, nafasi ni ya bidoni, na bidoni iliyojaa haina foleni. Na kibaya zaidi, alikuwa na haki. Hiyo ndiyo sheria ya bomba, ile ile ambayo sisi wenyewe tuliileta pale. Nikaitoa bidoni yangu, nikaenda kusimama kando na matope yangu.

Furaha yangu pekee ilikuwa kwamba hawakumwacha mwingine. Mcheza mpira alijazwa, akatolewa. Katekista alijazwa, akaanza kutaja amri za Mungu, akatolewa. Wapenda sanduku wote tulisimama kwenye mstari wetu mpya kando ya grotto, kila mmoja na bidoni nzito miguuni, tumenuna. Wake wa baadhi yao walipita, wakaona maji, wakawaamuru wabebe haraka nyumbani, wakabeba.

Halafu lori likakauka. Dereva akatikisa mpira, ukatema mara mbili, basi. Maji yalikuwa yamefika kwa wale wa mbele tu. Nyuma yao watu wenye bidoni tupu, wamesogea mpaka mlangoni. Na hapo hapo, kama vile alikuwa anasikiliza kwa tundu la ufunguo, rais wa korale akafungua mlango.

Sitaisahau sura yake. Aliangalia ule mstari unaozunguka ukumbi mpaka barabarani. Macho yakamlowa. Akashika kifua, akasema hakujua kwamba Kolwezi inapenda nyimbo za wazee wake namna hii. Mama wa makala, aliyekuwa sasa wa kwanza kabisa, akamuuliza kama ana maji. Rais akasema ana kitu bora kuliko maji. Akamuuliza kama kitatosha wote. Rais, na hii ndiyo dhambi yake kubwa, akasema hapana, ni vichache sana, na vikiisha vimeisha.

Ungemwambia mtu wa mji huu kwamba kitu kinaua, angefikiri kwanza. Ukimwambia hakitatosha, ameshafungua fundo la kitenge. Walinunua. Wanawake ambao hawajawahi kukanyaga parokia yetu, Waprotestanti watupu, walikuwa wanasukumana kununua korale ya Wakatoliki bila kujua ni nini. Mi napiga kelele kutoka kando: ni sanduku la nyimbo, hamtaki, si lenu! Nilizidi kuwapa hamu. Asiyekuwapo na lake halipo, wanasema, lakini mi nilikuwapo! Nilikuwapo kuliko wote! Nilisimama pale nimelowa, naangalia meza inakwisha kwa mara ya tatu.

Nilikaa juu ya bidoni yangu. Nilimfikiria tata nyumbani na kravate yake, amekaa mbele ya redio tangu alfajiri, na nilitaka ardhi ifunguke, na kwa jinsi wachimbaji walivyoitoboa, haingekuwa kazi kubwa.

Ni pale mama wa makala alipokuja kusimama mbele yangu. Mkononi bidoni tupu. Kwapani sanduku la nne. Alilitikisa karibu na sikio.

"Iko nini mu hii sanduku?"

Nikamwambia: nyimbo. Aliiangalia ile ngoma ya shaba, kisha akaangalia bidoni yangu, kisha mi nikaangalia sanduku lake. Yeye alikuwa amekuja kutafuta maji akapata korale. Mi nilikuwa nimekuja kutafuta korale nikapata maji.

Nilidhani tutabadilishana hapo hapo kama watu wenye akili. Wapi! Mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Alichotoa kwa rais nilimrudishia bila maneno, lakini hilo kwake lilikuwa mwanzo wa mazungumzo. Alitaka maji. Akayapata. Akataka na bidoni yenyewe, kwa sababu ina mfuniko mzuri. Nikampa. Akataka niibebe mpaka kwake. Na kwake ni upande wa pili wa soko. Nikajitwisha, sanduku lake bado kwapani mwake, kwa sababu alisema hataliachia kabla maji hayajatua. Katikati ya soko tulikutana na mcheza mpira, akaniona na mzigo kichwani na yule mama mbele yangu anatembea kama askofu. Aliniuliza kama nimepata kazi.

Nilipofika nyumbani, tata alikuwa kwenye kiti, kravate imekaa sawa, mikono juu ya magoti. Mama alikuwa jikoni anaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Nikaliweka sanduku mezani. Tata aliuliza bidoni iko wapi. Nikamwambia ni hadithi ndefu. Hakujali. Alimwita mama, na mama akasema anakuja, na hakuja, mpaka akamwita tena kwa sauti ya kumwita mtu mahakamani. Mama akaja, akakaa kwenye ukingo wa kiti akijifuta mikono kwa kitenge.

Nikachomeka kle. Zilianza nyimbo za pamoja, na lazima nikiri zilikuwa nzuri, ngoma inatembea, wanawake wanajibu, na mama midomo yake inafuata maneno bila yeye kujua. Ukaja wimbo wa Pasaka. Ubeti wa kwanza, wote pamoja. Kisha korale ikanyamaza, kikabaki kimya kile cha kanda za zamani, kinachochemka kama mafuta.

Na katika kile kimya nikasikia, "Hm-hm."

Kikohozi kidogo, kikavu, mara mbili. Mi nimekisikia kila siku ya maisha yangu kabla ya sala ya chakula. Hakuna mtu mwingine duniani anayekohoa vile. Nikamwangalia tata, uso wake umewaka kama mtu aliyeona mwanawe anashuka kwenye treni. Alikuwa ameshinda kesi.

Halafu sauti ikaanza kuimba.

Jamani. Nitasema ukweli kwa sababu nampenda. Ilianza juu mno. Ilipoona iko juu mno ilitafuta kushuka, ikapita pale pa kusimama, ikaendelea kushuka. Ngoma ilijaribu kuifuata, ikachoka. Kuna mahali neno "amefufuka" lilikatika katikati, likakaa pale, na kwa muda hukuwa na hakika kama atafufuka kweli. Nyuma kabisa, mbali na mashine, alisikika mtu anacheka, na mwingine anamnyamazisha. Sauti haikusimama. Ilikwenda mpaka mwisho wa ubeti, kwa nguvu zote, imepotea kabisa, na korale ikairukia kwa kiitikio kama watu wanaomtoa mwenzao mtoni.

Nilizima. Mi nilikuwa naangalia sakafu. Tata alikuwa anaangalia redio. Uso ulikuwa umezimika. Alilegeza kravate polepole, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Basi, mama alikuwa na haki. Ni ule wa Sandoa."

Hapo ndipo nilipofikiri mama angechukua ushindi wake na kurudi jikoni. Alisogeza kiti chake karibu na cha tata.

"Hapana. Ni weye. Njo weye."

Tata hakumwangalia. Akamuuliza, ju ya nini basi alikataa miaka yote ile, mbele ya wageni, mbele ya batoto.

"Ju batu balikuwa banacheka," mama alisema. "Balikuwa bakisikia unasema ni weye, banaanza kukumbuka. Nikaona heri bacheke ule wa Sandoa. Ye eko mbali."

Tata alivua kravate, akaiweka juu ya redio. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, nikainuka kidogo kwenye kiti. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, hm-hm, ile ile, na hapo mama naye akashindwa, na tukacheka wote watatu mpaka jirani akachungulia uani kuuliza kuna nini. Tata alipopata pumzi aliuliza kama yule wa Sandoa alijua mzigo aliobebeshwa. Mama akasema hapana, na alikuwa mtu mzuri, angekubali.

Sanduku la nne liko kabatini sasa, juu ya kitambaa cha kufuma, karibu na la kwanza. La pili na la tatu bado hatuna, na mgeni akiguna mi sihangaiki naye. Bidoni yetu ya njano, yenye kitenge chekundu mkononi, naiona sokoni, imejaa, chini ya meza ya makala, na yule mama ananipungia mkono.

Tata haanzi tena ile habari baada ya kula. Anayeianza ni mama. Wageni wakishafuta midomo, anatoa ua la plastiki lililo mbele ya sanduku, anachomeka kle mwenyewe, na anawaambia wanyamaze wamsikie bwana yake. Anayecheka, chai hapewi.